Gari la Hewa Lilipomsubiri Mgeni Rasmi

Mtu akisikia kwamba mdogo wangu aliunda gari linalotembea kwa hewa, hucheka kwanza, halafu huuliza: "Lakini lilitembea kweli?" Nimelichoka swali hilo. Lilitembea. Lilitembea wiki saba likiwa na magunia ya kahawa, mbele ya macho yangu na ya kiwanda kizima. Siku moja tu ndiyo liligoma, na watu wameamua kuikumbuka hiyo moja. Naandika haya nikiwa bado na hasira. Wanaosema hasira hasara, waseme. Hasara nimeshaipata, hasira ndiyo iliyobaki.

Mimi ni karani wa mizani katika kiwanda cha kukoboa kahawa, chini ya Mlima Meru, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu hauondoki hadi saa nne asubuhi na watu hushinda na masweta. Kahawa hutufikia ikiwa na ganda lake la mwisho. Tunaikoboa, tunaichambua, tunaitia kwenye magunia ya kilo sitini, kisha inakwenda ghalani kusubiri wanunuzi. Kutoka kwenye mizani yangu hadi mlango wa ghala ni hatua mia moja na ishirini, zote za kupanda. Hapo katikati hakuna gari linaloruhusiwa kupita, kwa sababu kahawa ina tabia ya kudaka harufu. Moshi wa dizeli ukipita karibu nayo, inaubeba kimyakimya hadi kwenye kikombe cha mnunuzi, na mnunuzi anaukataa mzigo mzima. Mikokoteni ilijaribiwa ikashindwa na kile kilima. Mmoja ulirudi kinyumenyume ukamvunja mtu mguu. Mashine ya betri ya kubebea mizigo, bodi ilikuwa ikiijadili tangu nilipoajiriwa. Kwa hiyo kahawa yetu, ile inayosifiwa huko nje kwa usafi wake, ilipanda hadi ghalani kwenye migongo ya watu.

Mgongo mmoja ulikuwa wa mdogo wangu. Sisi ni wa tumbo moja, mimi wa kwanza na yeye wa mwisho. Kabla ya kiwanda alikuwa fundi pancha kule Daraja Mbili, na hewa aliijua kama mama lishe anavyoijua chumvi: akiweka kidole kwenye vali, alikwambia kilichomo ndani bila kupima. Barabara ilipopanuliwa, kibanda alichofanyia kazi kikavunjwa. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi ya kubeba magunia. Niliona nimemsaidia.

Mwaka wa sita mgongo ukakataa. Daktari alituonyesha picha, akaweka ncha ya kalamu mahali ambapo pingili zilikuwa zimeubana mshipa wa fahamu. Alisema bila kuzungusha maneno: akiendelea kubeba, ipo siku mguu wa kushoto utakufa ganzi na hautarudi. Mdogo wangu aliikunja ile picha akaificha chini ya godoro, Moshono, anakoishi na mke na watoto watatu. Mbebaji akijulikana kuwa mgongo umeharibika, haitwi tena msimu unaofuata. Alikuwa na mambo mawili tu: ama apate kazi nyingine pale pale kiwandani, ama aendelee kubeba mpaka mguu ufe. Wakati ule mimi na mkewe tu ndio tuliojua.

Wazo alilipata ukutani. Mashine yetu ya kuchagua kahawa hutupa punje mbovu kwa kuzipuliza kwa hewa, na hewa hiyo hupita kwenye bomba la ukutani ikitoka kwenye kompresa kubwa inayonguruma kwenye chumba chake siku nzima. Siku moja aliketi karibu na mizani yangu, akiwa ameegemea nguzo kwa maumivu, akaniambia, "Dada, hewa yote hii, na sisi tunabeba kwa mgongo."

Alikuwa ameona kwenye simu habari za magari ya hewa huko Ulaya. Nami nikaanza kuzisoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyokasirika. Miaka nenda miaka rudi gari la hewa huwa linatoka mwakani. Linapigwa picha, jipya, linang'aa, tunaambiwa litamaliza moshi wa miji yote duniani, kisha kimya, kisha mwakani tena. Waliolitangaza waliahidi makubwa mno. Mdogo wangu, aliyeishia chuo cha ufundi mwaka mmoja, alielewa kilichowashinda. Ukiishindilia hewa, inapata joto, na joto lile hupotea bure. Kompresa yetu ikifanya kazi saa moja huwezi kuigusa. Na mtungi mzima wa hewa haubebi nguvu inayokaribia ya chupa moja ya petroli. "Gari la hewa haliwezi kukufikisha Namanga," aliniambia. "Lakini mimi siendi Namanga. Naenda ghalani."

Hatua mia moja na ishirini. Hiyo ndiyo ahadi yote aliyoiona kwenye hewa, na ilimtosha.

Alilijenga siku za Jumapili baada ya ibada, kwenye karakana ya mchomeleaji mmoja wa Sokon I. Mota aliipata kwenye vyuma chakavu: ilikuwa ya winchi ya hewa kutoka machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani. Ekseli na usukani vilikuwa vya bajaji iliyopata ajali. Mitungi sita aliitoa kwenye breki za malori. Mchomeleaji alimshauri achukue mitungi ya gesi ya zamani, ashindilie hewa mara nyingi zaidi, apate mwendo mrefu.

"Aisee, hiyo ni bomu," mdogo wangu alimjibu. "Nataka kuokoa mgongo, sio kupoteza na kichwa."

Mitungi ile ya breki ilikuwa imechoka kwenye maungio. Ilivuja, si sana, kiasi cha kupoteza hewa kidogokidogo. Alijua. Kila alipokuwa akiijaza, alipitisha sponji yenye povu la sabuni kwenye kila kiungo na kutazama mapovu. Lakini kompresa ilikuwa hatua kumi tu kutoka njiani. Dakika kumi za kujaza, safari tatu za kwenda na kurudi, magunia kumi kila safari, halafu unajaza tena. Uvujaji ule ulikuwa na uzito wa nzi.

Siku ya kwanza lilipopanda kilima, wabebaji walitembea pembeni yake. Halikuwa na mlio wa injini, lilihema tu. Bomba la kutolea hewa likaota barafu nyembamba nyeupe, maana hewa iliyoshindiliwa ikiachiwa hupoa vibaya, na wanawake wanaochambua kahawa wakatoka kuigusa kwa vidole na kupiga mayowe. Msimamizi wa zamu alikubali liendelee kwa majaribio, kwa sharti moja: mwonjaji alipitishe.

Mwonjaji wetu wa kahawa ni mzee wa Kihindi, wa ukoo uliofanya biashara Arusha kabla babu yangu hajavaa viatu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho kwenye bomba. Aliinama, akaweka pua pale pale, akafumba macho.

"Mafuta ya kulainisha mota umeweka gani?"

"Yale ya mashine za maziwa, mzee. Hayana harufu."

Alinusa tena. Akaagiza kahawa ya gunia lililopandishwa na gari na ya gunia lililobebwa begani, akazikaanga, akazionja kwa kile kijiko chake, akatema mara zote mbili. "Hii ya gari ni safi," alisema. "Hiyo nyingine ina jasho la mtu."

Tulicheka hadi machozi. Kwa wiki saba mdogo wangu hakubeba gunia hata moja. Alijaza, aliendesha, alikaza maungio. Wenzake walipakia na kupakua tu. Alianza kulala usiku kucha, mkewe aliniambia. Mguu wa kushoto ulianza kuhisi maji ya baridi tena. Kilichobaki ni bodi kulipitisha gari lile kuwa chombo cha kiwanda na yeye kuwa fundi wake. Karatasi moja tu, sahihi moja.

Na hapo ndipo mwenyekiti wa bodi alipolisikia, akaona kwamba jambo hili ni kubwa.

Lingekuwa dogo tungepona. Mwenyekiti hakutaka kusaini tu. Alitaka uzinduzi. Alisema haiwezekani gari la kwanza la hewa katika ukanda wote huu lianze kazi kama mkokoteni, bila kiongozi kulikatia utepe. Ukachapishwa mkeka wa matangazo wenye picha ya gari na maneno "Mapinduzi ya Usafiri Bila Mafuta." Mdogo wangu aliutazama akaniuliza, "Usafiri wa kwenda wapi?" Nilimwambia anyamaze, asije akaharibu.

Mdogo wangu alinitajia maneno ya barua, nikayachapa mimi mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisi, kwenda kwa mwenyekiti. Ilisema wazi: mitungi ijazwe si zaidi ya nusu saa kabla ya gari kutumika, kwa kuwa inavuja. Mwenyekiti alipokea. Alinishukuru kwa uandishi mzuri.

Siku yenyewe tuliambiwa mgeni rasmi anafika saa tatu asubuhi. Mashine zote zikazimwa kwa heshima yake. Hema likasimikwa uwanjani, na meza kuu yenye kitambaa cheupe ikawekwa, kati ya mahali pote duniani, mbele ya mlango wa chumba cha kompresa. Saa mbili, kabla kompresa nayo haijazimwa na mimi kukabidhiwa ufunguo wake, mdogo wangu alijaza mitungi. Geji ya kupimia hewa ilisoma nane. Alivaa shati jeupe alilofungia ndoa.

Saa tatu ikafika, mgeni hakufika. Saa nne, mtu wa itifaki akatangaza kwamba mheshimiwa yuko njiani. Kwaya ya akina mama ilikuwa na nyimbo tatu. Ikaziimba, ikazirudia, ikazirudia tena. Wakulima walioshuka kutoka juu mlimani tangu alfajiri walikaa juani bila maji. Maji yalikuwepo, yakiwa yamepangwa kwenye meza kuu, na hakuna aliyethubutu kuyagusa kabla mwenyewe hajafika. Saa tano, yuko njiani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afanye nini mgeni asipokuja.

Saa sita mdogo wangu alinijia. Alikuwa amepiga magoti muda mrefu kando ya gari na sponji yake, shati jeupe limeloa sabuni viwikoni.

"Dada, geji iko tano. Mota inataka nne ili ipande na watu. Ufunguo wa kompresa unao wewe. Niwashie dakika kumi tu."

Nilikuwa nao, mfukoni mwa sketi. Nilikwenda kwa mwenyekiti, nikainama pembeni ya kiti chake kama inavyopasa, nikamweleza. Hakugeuka.

"Mama, sasa hivi mgeni akiingia akute makelele, tutaonekana watu gani?"

"Ni dakika kumi tu, mwenyekiti. Na mgeni hajafika."

"Yuko njiani. Anaweza kuingia wakati wowote."

Kwa saa tano na nusu mtu yule alikuwa anaweza kuingia wakati wowote. Kungekuwa na nafasi ya kuijaza mitungi ile mara thelathini. Ningeweza kuzunguka nyuma ya hema, nikafungua mlango, nikabonyeza swichi. Kelele zingetoka, mwenyekiti angefoka, pengine ningepewa barua ya onyo, na mdogo wangu angekuwa na kazi. Nilijua yote hayo nikiwa nimesimama pale. Watu wa kwetu tunasema heshima si utumwa. Nilirudi nikamwambia, "Wamekataa. Tuvumilie." Akaitikia kwa kichwa, akarudi kupiga magoti.

Mgeni rasmi aliingia saa nane na nusu, msafara wa magari manne, kijiti cha kuchokolea meno bado kiko mdomoni. Alikuwa amekula. Sisi tulikuwa hatujala. Akapigiwa makofi, akapewa ua, akasalimia meza kuu, akahutubia kidogo, na tukaambiwa sasa mheshimiwa atalipanda gari mwenyewe hadi kwenye utepe, yeye na mwenyekiti na mtu mmoja wa bodi, ili wapiga picha wapate. Geji ilikuwa chini ya tatu. Nilimwona mdogo wangu akimwambia mwenyekiti jambo sikioni, na mwenyekiti akimpigapiga bega huku akitabasamu kwa ajili ya kamera.

Lilihema. Likasogea hatua nne. Likasimama, umbali wa mkono mmoja tu kabla ya utepe, kisha, kwa kuwa njia ile ni ya kupanda, likaanza kurudi nyuma polepole na waheshimiwa watatu juu yake, mwenyekiti akiwa ameshika usukani bila kujua breki iko wapi. Mdogo wangu alikuwa nyuma. Hakufikiri. Aliliwekea mgongo.

Alilizuia kwa mgongo ule ule, mpaka watu wakaja kuweka mawe kwenye magurudumu.

Mgeni rasmi alishuka akajikung'uta suruali. "Basi gari hili ni la upepo," alisema kwenye kipaza sauti, "na leo Arusha upepo hakuna!" Hema lote likacheka. Wachambuzi walioigusa ile barafu kwa vidole vyao walicheka. Wabebaji waliokaa wiki saba bila kubeba walicheka. Sikuwahi kuwachukia watu wa kazini kwangu mpaka dakika ile. Walijua, na walicheka, kwa sababu aliyesema alikuwa mkubwa na mkubwa akichekesha mtu hucheka.

Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa amejaa aibu, na aibu ya mkubwa lazima ipate mdogo wa kuibeba. Hotuba ikafupishwa. Mgeni akatuasa wabunifu tuendelee kufanya utafiti. Kisha mshereheshaji akatazama karatasi yake, akasema kwa niaba ya wafanyakazi neno la shukrani litatolewa na karani wetu wa mizani.

Nilikuwa nimesahau. Walinipangia wiki nzima kabla, kwa kuwa najua kuandika. Nilisimama nikauendea ule mtambo wa sauti, na njiani kote nilijiambia kwamba nitasema. Nitasema mitungi ilijazwa saa mbili. Nitasema tulikatazwa. Nitasema lilitembea wiki saba. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Nilikishika kipaza sauti nikamwona mgeni rasmi ananitazama kwa upole, tumbo limeshiba, amekunja mikono, anasubiri shukrani zake.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," nilisema, "tunakushukuru kwa dhati kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kujumuika nasi. Ujio wako umetupa moyo. Mungu akubariki na kukuongezea siku." Nikaomba tumpigie makofi ya kilo, yale yanayopigwa kwa mafungu. Yakapigwa, kilo tatu, kwa mpangilio. Mdogo wangu naye alipiga, amesimama kando ya gari, mkono mmoja unarudi kiunoni kila makofi yakiisha.

Bodi ilikutana siku ya pili yake. Ilikaa muda mfupi kuliko kwaya. Iliamua kwamba chombo hakijathibitika na kiondolewe njiani. Mwonjaji alipeleka maelezo yake, msimamizi wa zamu akayapeleka ya kwake, nami nikaambatisha nakala ya ile barua. Nilijibiwa kwa mdomo, mlangoni, kwamba mambo yale yameshapita. Gari liko nyuma ya choo cha wafanyakazi. Kuku wa mlinzi hutagia kwenye kiti. Ukilijaza hewa leo litapanda kilima. Nimewaambia watu hivyo mpaka wamechoka na mimi.

Jumatatu mdogo wangu alirudi kwenye foleni ya wabebaji. Alikuwa wa tatu. Alipofika mizani kwangu alikuwa ananyanyua mguu wa kushoto kidogo mno, kama mtu anayevaa kandambili iliyokatika. Sikuweza kumtazama usoni. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha, nimekosa usingizi nikipanga maneno, na yeye akanitangulia.

"Dada, siku ile uliongea vizuri sana," alisema. "Hata jirani zangu Moshono wamesifu."

Niliitafuta kejeli kwenye uso wake ili angalau anitukane. Haikuwepo. Alikuwa ananisifu kweli, kama mdogo anavyomsifu dada yake aliyesoma. Kisha akageuka, akainama, na wenzake wawili wakamwekea gunia begani.